Gemu za Upelelezi na Mafumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yote hapa chini yameandikwa bila kutoboa siri. Hakuna muuaji anayetajwa, na pale ambapo gemu inaanza kwa jambo la kushtua, nimeishia kwenye dakika zake za mwanzo tu.

## Ya kuanzia

Gemu ya upelelezi ni ipi hasa? Si yoyote yenye maiti na polisi?

Hapana. Gemu nyingi zina mauaji, zina polisi, zina hata koti refu na mvua ya usiku, lakini kazi ya kufikiri anaifanya mhusika mkuu. Wewe unazunguka chumba ukibonyeza kila kinachong'aa, kisha yeye anajisemea, "Kumbe damu hii si ya marehemu!" na kisa kinasonga mbele. Hiyo ni hadithi ya upelelezi, na inaweza kuwa tamu sana, ila mpelelezi si wewe.

Kipimo ninachokitumia katika majibu haya yote ni kimoja: je, ninaweza kukosea? Gemu inayokuacha umshuku mtu asiyehusika, ukamjengea hoja, ukaiamini, halafu ukaona mwenyewe kwamba hoja ile haisimami, ndiyo inayokupa upelelezi wenyewe. Nyingine nazisifu kwa sifa zake, lakini nitakuambia wazi kama kufikiri ni kwako au kwa mhusika.

Sijawahi kucheza hata moja. Nianze na ipi?

The Case of the Golden Idol. Imetengenezwa na Color Gray Games, studio ndogo ya Latvia, na ilitoka mwaka 2022. Kila sura ni tukio moja lililogandishwa: mtu amekufa au yuko katika kufa, wengine wamesimama pembeni, na wewe unapekua. Mifuko inafunguka, barua zinasomeka, nyuso zinatazamika. Unaokota maneno, yaani majina, vitu na vitenzi, kisha unayapanga katika maelezo yenye mapengo: nani alimfanya nini nani, kwa kitu gani, kwa sababu gani.

Naipendekeza kwanza kwa sababu haikuombi wepesi wa vidole wala ujuzi wowote wa gemu. Hakuna kukimbizwa, hakuna saa inayokuhesabia. Sura za mwanzo zina watu wachache na swali moja. Baadaye unajikuta ukichambua karamu nzima, nani amekaa kiti kipi na nani anamwongopea nani. Ukijaza mapengo yote vibaya, gemu inanyamaza tu. Ikibaki na makosa mawili au pungufu, inakudokeza kwamba umekaribia. Kiasi hicho cha msaada kinatosha kukutia moyo na hakitoshi kukufikiria.

Picha zake zimechorwa kwa ubaya wa makusudi, nyuso zimevimba na macho yametoka. Usikate tamaa kwa hilo. Baada ya sura mbili utaona kwamba kila mkunjo wa uso una habari. Inayoifuata, The Rise of the Golden Idol ya mwaka 2024, inahamia miaka ya 1970. Cheza kwa mpangilio huo.

Kama unataka wahusika wa kuwapenda na kucheka nao tangu dakika ya kwanza, pita moja kwa moja kwenye swali la kuhoji mashahidi hapa chini.

Kwa nini kila mtu anakataza kusoma au kutazama chochote kabla ya kucheza?

Kwa sababu hapa hakuna zawadi nyingine. Katika gemu ya vita, hata ukijua mwisho, bado mapigano ni yako. Katika gemu ya upelelezi, ukishaambiwa nani alifanya na kwa nini, umebaki na kazi ya kubonyeza. Return of the Obra Dinn ikitobolewa siri haiwezi kuzibwa tena. Tazama picha moja mbili ujue inavyoonekana, jaribu demo, yaani kipande cha kuonja, kama ipo, kisha funga mlango.

Nina kompyuta ya kawaida, au simu tu. Nimeachwa nje?

La. Hii ni aina ya gemu inayobagua mashine kidogo kuliko nyingi. Golden Idol, Her Story na nyingi za hapa ni picha tulivu, na kompyuta ya ofisini inazimudu. Kwenye simu kuna Phoenix Wright: Ace Attorney Trilogy, Her Story, Overboard! na baadhi ya gemu za Professor Layton. Zinazohitaji mashine yenye nguvu ni zile za jiji zima au sura halisi za watu: L.A. Noire, Shadows of Doubt na Sherlock Holmes za miaka ya karibuni.

Lazima niwe na daftari?

Si lazima, lakini nakusihi uwe nalo. Gemu nyingi zina daftari lake ndani, na ndilo linalokuonyesha kilichopatikana. Daftari lako linabeba kitu kingine: unachokishuku. Andika "mbona huyu ana tope viatuni?" hata kama hujui jibu. Her Story, kwa mfano, bila karatasi inakuwa mateso.

## Kuchagua kwa ladha yako

Return of the Obra Dinn inasifiwa kupita kiasi, au kweli ni nzuri hivyo?

Ni nzuri hivyo. Kama gemu zote za aina hii zingefutika na ikabaki moja, ningeomba ibaki hii.

Lucas Pope, aliyekuwa ametoa Papers, Please mwaka 2013, aliitoa Obra Dinn mwaka 2018. Meli ya biashara iliyoondoka London mwaka 1802 inarudi mwaka 1807 ikielea yenyewe, hakuna aliye hai ndani. Wewe ni mkaguzi wa bima. Umepewa kitabu chenye orodha ya watu 60, mchoro wa sura zao, na saa ya ajabu. Ukiishika saa mbele ya mabaki ya mtu, unasikia sauti za sekunde zake za mwisho, kisha unasimama ndani ya lahadha ile ya kifo, kila kitu kimeganda, na unaweza kutembea katikati ya watu ukiwachungulia. Kazi yako ni kuandika kwa kila mmoja wa wale 60: huyu ni nani, alipatwa na nini, na kama aliuawa, na nani.

Ugumu uko kwenye majina. Karibu hakuna anayeitwa kwa jina lake. Unamtambua mtu kwa mavazi ya kazi yake, kwa lafudhi, kwa lugha anayoizungumza anapokufa, kwa rafiki anayesimama naye kila mara, kwa mahali alipokuwa hatari ilipoanza. Unaweza kumwona baharia fulani mara kadhaa bila kumjali, kisha ghafla ukatambua kwamba orodha ina mtu mmoja tu wa nchi ile, na huyu ndiye.

Halafu kuna ule utaratibu wa tatu tatu. Gemu haikuthibitishii jibu mpaka uwe na watu watatu sahihi kabisa. Kwa hiyo kubahatisha kunawezekana kidogo, lakini hakukufikishi mbali, na ukiwa na uhakika wa wawili unaruhusiwa kumjaribu mmoja unayemshuku. Ni utaratibu wenye haki. Gemu nyingi zilizofuata zimeuiga, na sioni ajabu.

Tahadhari mbili. Michoro yake ni ya rangi mbili tu, ya giza na ya mwanga, na macho ya baadhi ya watu huchoka. Cheza kwa vipindi. Pia tumia vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu nusu ya ushahidi ni sauti.

Mimi nataka hadithi nzito na watu wenye roho, si mafumbo.

Disco Elysium, ya studio ya ZA/UM yenye asili ya Estonia, mwaka 2019. Mpelelezi anaamka katika chumba cha hoteli kilichovurugwa, amekunywa mpaka amesahau jina lake, na nyuma ya jengo kuna maiti imening'inia mtini kwa siku kadhaa. Tabia na vipaji vyake 24 vinamsemesha kichwani kama watu: kimoja kinamshauri kwa hekima, kingine kinamdanganya, kingine kinataka pombe. Hakuna mapigano ya kawaida. Kila jambo gumu huamuliwa kwa dadu mbili na uwezo wako. Ukishindwa, kisa hakifi, kinageuka njia. Mara nyingi kushindwa ndiko kunakozaa mazungumzo bora.

Hapa kipimo changu kinajibu nusu kwa nusu: unaweza kukosea sana kuhusu watu, lakini kesi yenyewe itakufikia. Sioni kuwa ni kasoro. Kim Kitsuragi, mwenzako wa kazi, ni miongoni mwa wahusika waliotungwa kwa heshima kubwa zaidi katika gemu zote ninazozijua. Utajikuta hutaki akuone ukifanya upuuzi. Chagua toleo la The Final Cut la mwaka 2021, ambalo maneno yake yote yameigizwa kwa sauti.

Ukiipenda, Pentiment ya Obsidian, mwaka 2022, iko karibu nayo kwa roho. Ni Bavaria ya karne ya 16, wewe ni mchoraji Andreas, mtu anauawa, na muda haukutoshi kufuata kila dalili. Unatakiwa kutaja jina la mtu mbele ya watu wanaomjua, kisha unaishi katika kijiji hicho hicho.

Nataka kuhoji mashahidi na kuunasa uongo.

Ace Attorney. Mfululizo huu ulianzishwa na Shu Takumi katika kampuni ya Capcom mwaka 2001. Wewe ni wakili mtetezi. Shahidi anatoa maelezo sentensi kwa sentensi, wewe unambana, kisha unaweka mezani ushahidi unaopingana na alichosema. Raha yake iko pale pale kwenye mkinzano: shahidi amesema alisikia saa ikitaja muda, na wewe una karatasi ya umeme kukatika. Fumbo huwa na jibu moja na mahali pamoja pa kulitolea, kwa hiyo wakati mwingine utakuwa umeshaelewa yote na bado gemu inakusubiri useme kwa njia yake. Vumilia. Kesi za mwisho za kila gemu zinalipa.

Anza na ile trilojia ya Phoenix Wright. The Great Ace Attorney Chronicles, iliyotoka kimataifa mwaka 2021, imepangwa mwishoni mwa karne ya 19 kati ya Japani na London, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote, ila huanza polepole.

L.A. Noire ya mwaka 2011 ni njia nyingine. Los Angeles, mwaka 1947, na nyuso za waigizaji halisi zilizonaswa kwa kamera 32 ili usome macho na midomo yao. Kupekua eneo la tukio ni kuzuri. Kuhoji kunasumbua, kwa sababu ukichagua "shaka" hujui mpelelezi wako atasema nini, na mara nyingine anamfokea mama mzee uliyetaka kumuuliza kwa upole. Toleo jipya la mwaka 2017 lilibadilisha maneno ya vitufe, na tatizo likapungua bila kwisha.

Nataka uhuru kamili, gemu isinishike mkono.

Paradise Killer, mwaka 2020. Kisiwa cha ajabu, mauaji ya viongozi wote kwa mpigo, na wewe unaweza kwenda mahakamani wakati wowote, hata dakika chache baada ya kuanza. Ushahidi ulio nao ndio utakaoamua nani anahukumiwa. Hakuna sauti itakayokuambia "rudi, hujamaliza."

Shadows of Doubt, iliyokamilika mwaka 2024 baada ya kuuzwa ikiwa bado inajengwa tangu 2023, inakwenda mbali zaidi. Jiji linazalishwa upya na kompyuta, na kila mkazi ana nyumba, kazi, alama za vidole na saizi ya viatu. Unaweza kumkamata mtu kwa risiti ya dukani. Gharama ya uhuru huo ni kwamba kesi zinafanana baada ya muda na hitilafu za programu hazikosi. Naipenda hata hivyo: nyingine hazikuachi uvunje mlango wa jirani kwa sababu una hisia tu, kisha ukakuta hisia ilikuwa sahihi.

Napenda kuchambua nyaraka na rekodi. Kuna gemu ya hivyo?

Her Story ya Sam Barlow, mwaka 2015. Una kompyuta ya zamani ya polisi yenye vipande vya video vya mwanamke mmoja anayehojiwa mwaka 1994. Unaandika neno, na vipande ambamo neno hilo limetamkwa vinajitokeza, lakini unaruhusiwa kutazama vitano vya kwanza tu. Basi kazi yote ni kuchagua neno: jina la mtu, la mahali, kitu alichokitaja kwa haraka akapita. Watu wawili huipata hadithi kwa mpangilio tofauti kabisa.

The Roottrees are Dead, mwaka 2025, inakukalisha mbele ya intaneti ya mwaka 1998 ujaze mti wa ukoo wa familia tajiri kwa picha, magazeti na tovuti. Inathibitisha majibu kwa tatu tatu kama Obra Dinn. Hakuna mauaji ya kuchunguza, na bado sijui nyingine inayofanya jina la kati la mtu liwe jambo la kusisimua hivyo.

Gemu za Sherlock Holmes zinafaa?

Zinafaa, ukichagua vizuri. Studio ya Frogwares ya Ukraine imezitengeneza kwa miaka mingi. Bora kwa kipimo changu ni Crimes & Punishments ya mwaka 2014: kesi sita, kila moja ina washukiwa zaidi ya mmoja, na dalili zile zile zinaweza kufungwa pamoja kwa namna tofauti. Unaweza kumpeleka asiyehusika jela na gemu ikaendelea. Pia unaamua kama mkosaji anastahili kuhurumiwa.

Nina jioni moja tu.

Duck Detective: The Secret Salami, mwaka 2024, saa mbili hadi tatu, maneno ya kujaza kama Golden Idol lakini mepesi. Au Frog Detective, karibu saa moja kila sehemu.

Ya kucheza na mtoto, bila damu?

Frog Detective na Duck Detective tena. Kwa mtoto anayesoma vizuri, Professor Layton, iliyoanza mwaka 2007, imejaa vitendawili vya namba na mantiki, na ina sarafu za kununulia vidokezo. Gemu za Nancy Drew za HeR Interactive, zilizoanza mwaka 1998, zina ngazi za ugumu unazochagua mwanzoni.

## Ukiwa katikati ya gemu

Nimekwama. Nitazame jibu mtandaoni?

Kabla ya hapo, fanya mambo haya. Acha hadi kesho. Akili hushughulikia fumbo ukiwa umelala, na hili linafanya kazi mara nyingi kuliko unavyodhani. Ukirudi, mweleze mtu mwingine kesi kwa sauti, tangu mwanzo. Utakapofika mahali unaposema "nadhani ilikuwa hivi," hapo ndipo penye tundu. Kisha angalia upya kile ulichokiona cha kwanza kabisa, kwa sababu ulikitazama kabla hujajua cha kutafuta.

Bado? Tumia kwanza vidokezo vya gemu yenyewe. Golden Idol na The Roottrees are Dead zinavyo, na vimepangwa visikutobolee kila kitu. Ukilazimika kwenda nje, tafuta jibu la swali moja tu.

Nikimtaja asiye na hatia, nini hutokea?

Inategemea gemu. Golden Idol na Obra Dinn hazikubali jibu baya, zinakungoja. Ace Attorney inakupunguzia nafasi, zikiisha unarudi nyuma. Crimes & Punishments, Paradise Killer na Pentiment zinalipokea kosa lako na kuendelea nalo. Ushauri wangu kwa hizo za mwisho: usirudi mahali ulipohifadhi mchezo hapo awali ili kusahihisha. Hukumu uliyoitoa kwa dhati, hata ikiwa mbaya, ni sehemu ya ulichokuja kukitafuta.

Tunaweza kucheza wawili?

Rasmi gemu hizi ni za mtu mmoja, lakini kwangu ndizo bora kuliko zote kwa watu wawili mbele ya skrini moja. Mmoja ashike kipanya, mwingine kalamu, mbadilishane. Obra Dinn na Golden Idol zinafaa zaidi kwa sababu mnabishana juu ya kitu mnachokiona wote. Sheria moja: aliyegundua asitangaze jibu, aonyeshe dalili.

Kiingereza changu si kizuri sana. Nitaweza?

Nyingi zina lugha kadhaa, ila Kiswahili bado hakimo katika nilizozitaja. Obra Dinn ina mazungumzo machache na mengi yake ni ya kutazama, ingawa kitabu chake kinahitaji usome. Golden Idol ina sentensi fupi, na unaweza kukaa na neno moja muda wowote unaotaka huku kamusi iko pembeni. Iache Disco Elysium kwa baadaye. Kiingereza chake kinawachosha hata wazoefu.

## Maswali ya pembezoni

Outer Wilds ni gemu ya upelelezi?

Hakuna mshukiwa, hakuna polisi, na naiweka humu bila kusita. Ilitoka mwaka 2019. Unaruka na chombo kidogo kati ya sayari, na kila baada ya dakika 22 kila kitu kinaanza upya. Hupati silaha wala nguvu mpya. Unachobaki nacho ni ulichokielewa tu. Milango iliyokushinda jana unaifungua leo kwa sababu umejua jambo. Onyo la kutosoma kitu kabla, lililo hapo juu, lizidishe mara mbili kwa hii.

Za zamani bado zinachezeka?

Baadhi. Mystery House ya Roberta na Ken Williams, mwaka 1980, ndiyo iliyotia picha katika gemu za aina hii, na leo ni ya kutazamwa kwa heshima zaidi kuliko kuchezwa. Deadline ya Infocom, mwaka 1982, ni maandishi matupu na saa 12 za kutatua kifo, washukiwa wakitembea nyumbani bila kukungoja. Ujasiri wake bado unashangaza. Yuji Horii, kabla ya gemu yake ya Dragon Quest, alitoa The Portopia Serial Murder Case huko Japani mwaka 1983, na Ace Attorney imetoka katika ukoo huo. Ukitaka moja ya kucheza hadi mwisho, chukua Blade Runner ya Westwood, mwaka 1997: nani ni binadamu na nani si binadamu hubadilika kila unapoanza upya, kwa hiyo hata aliyeimaliza hawezi kukutobolea siri yote.

Kuna gemu ya kusikiliza tu?

Unheard, mwaka 2019. Una ramani ya jengo na sauti za watu wanaotembea ndani yake. Unasogea chumba hadi chumba ukisikiliza, unapachika majina kwenye sauti, kisha unajibu maswali ya kesi. Ni fupi, na inakufunza kusikia hatua za miguu.

Ipo ambayo mimi ndiye muuaji?

Overboard! ya studio ya inkle, mwaka 2021. Ni mwaka 1935, melini, na usiku umemsukuma mume wako baharini. Asubuhi imefika, abiria wanaanza kuuliza, na kazi yako ni kufika nchi kavu bila kukamatwa, na ikiwezekana kumwangushia mwingine lawama. Mzunguko mmoja ni mfupi, na abiria wana ratiba zao: ukiwa jikoni saa fulani, hujui nani anazungumza na nani kanisani. Unacheza, unakamatwa, unarudia ukijua aliyekuona dirishani. Icheze baada ya kumaliza angalau moja ya zile za juu, maana utafurahia zaidi kuficha dalili ukishajua jinsi zinavyotafutwa.